Kiti Kisichokaliwa

Tamsin Udall alivaa gauni lake la bluu, lile la kuendea harusini, na kifuani akabandikwa kikaratasi cha kijani kilichoandikwa MGENI. Kila aliyefika kuitembelea nyumba kuu ya Marlscote siku ya ufunguzi alibandikwa kikaratasi kama hicho. Lakini wale wengine hawakuwa wamebusiwa na mrithi wa nyumba nyuma ya banda la farasi kwa miaka miwili, kwa hiyo kikaratasi hakikuwawasha kama kilivyomwasha yeye.

"Kibandue," shangazi yake Dilys alimwambia. "Kinakutia aibu bure."

"Sikibandui. Waliponiita walitaka niwe mgeni, basi acha niwe mgeni."

"Una kichwa kigumu, wewe mtoto. Umekirithi kwa baba yako."

"Na baba alikirithi kwa mama yenu. Kwa hiyo na wewe unacho, shangazi."

Shangazi Dilys alitikisa mwavuli wake uliokuwa umelowa mvua ya Aprili, akajipenyeza mbele ya foleni bila kumtazama mtu usoni, jambo ambalo katika nchi ile ni dhambi inayokaribia kuua. Watu walimkunjia uso, lakini hakuna aliyesema neno. Hawasemi, ndiyo tabia yao.

Na kutosema huko ndiko kulikomleta Tamsin pale.

Wiki mbili nyuma, siku ya Jumapili, Piers Lovibond alimpeleka kwao kwa chakula cha mchana kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kondoo wa kuoka, mchuzi wa mnanaa na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata. Mama yake Piers, Bibi Verena, alikuwa mpole kupita kiasi, na hapo ndipo Tamsin alipotakiwa kuogopa. Watu wa tabaka lile hawatukani na hawapandishi sauti. Wakikuchukia wanakuuliza kama umepata viazi vya kutosha.

Bibi Verena alimuuliza mara tatu. Alimuuliza pia habari za kazi yake, maana Tamsin huwapigilia farasi viatu vya chuma na hana mshindani katika vijiji vyote vya upande ule. Akataka kujua kama mikono haimuumi, na aliposema hivyo macho yake yalikuwa kwenye kucha za Tamsin. Kisha akakumbuka, kwa furaha kubwa, kwamba nyanya yake Tamsin aliwahi kufanya kazi katika jiko la nyumba ile. Alikuwa hodari sana kwa kusugua masufuria, alisema. Hakuna aliyeyang'arisha vile tena.

Wakati wa kuagana alimshika Tamsin mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Lazima uje siku moja uione nyumba vizuri," alimwambia.

Sasa, mtoto yeyote aliyezaliwa katika mkoa ule wa Shropshire anaijua sentensi ile. Ni kwaheri iliyovishwa nguo za karibu. Anayeambiwa hivyo hushukuru, hutabasamu, huenda zake, na hakanyagi tena. Akikanyaga, yeye ndiye aliyekosa adabu, si aliyemwalika. Tamsin aliijua vizuri kuliko wengi, kwa kuwa baba yake ana baa, na wenye baa huzisikia sentensi za namna hiyo kila jioni.

"Asante," alijibu. "Nitakuja."

Ndani ya gari Tamsin alingoja mpaka walipopita kanisa.

"Umesikia alivyoniambia?" Tamsin aliuliza.

"Mama ndivyo alivyo, Tam. Hana nia mbaya."

"Anayo. Ila ameifunga kwa utepe."

Piers alisema atazungumza na mama yake wakati ukiwa mzuri. Maneno hayo hayakuwa mageni masikioni mwa Tamsin. Wakati mzuri ulikuwa umeahirishwa kwa msiba wa baba yake Piers, ukaahirishwa kwa paa lililovuja, ukaahirishwa kwa kondoo waliokuwa wakizaa. Siku zote kulikuwa na kondoo anayezaa. Na tatizo ni kwamba Tamsin alimpenda mtu yule. Alipenda anavyocheka kwa pua, anavyomsikiliza mtu kwa kichwa kilichoinama, anavyolibusu kovu la chuma cha moto lililo kiganjani mwa Tamsin bila kuuliza lilikotoka. Alimpenda mpaka alikuwa ameanza kujichukia.

"Nisikilize," alimwambia gari liliposimama mbele ya baa. "Siku nyumba ikifunguliwa kwa msimu, nitakuja. Nimealikwa na mama yako kwa mdomo wake. Na siku hiyo, mbele yake, utasema mimi ni nani kwako. Usiposema, nitajua mimi si mtu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya mama yako. Watu ni shauri lao."

Piers alitaka kumbusu, naye akafungua mlango wa gari. Tangu siku hiyo hakupokea simu yake hata moja, ingawa kila ilipolia aliiweka kifuani mpaka ikanyamaza.

* * *

Kwa desturi ya Marlscote, msafara wa kwanza wa msimu huongozwa na bibi mwenye nyumba mwenyewe. Bibi Verena alishuka ngazi kuu akiwa na lulu shingoni na sweta lililotobolewa na nondo kwenye kiwiko. Wenye kutaka kuonekana matajiri hawavai sweta lililotoboka. Yeye hakuhitaji kuonekana. Aliwakaribisha wageni kwa macho, mmoja mmoja, mpaka macho yale yalipomfikia msichana mwenye gauni la bluu.

Tabasamu lake halikuondoka. Lilisimama tu, kama saa iliyokufa.

"Bi Udall," alisema. "Umekuja."

"Ulinialika."

"Ndivyo. Vizuri kabisa. Tafadhali msiguse vitu."

Walipita ukumbi wenye pembe za kulungu ukutani, wakapita makabati ya vioo yenye vyombo vya kauri vya Kichina, wakapita ndege waliokaushwa ambao macho yao ya bandia yaliwatazama wageni kwa chuki ya haki kabisa. Waliona kitanda alicholala mfalme. Kila nyumba ya namna hii ina kitanda alicholala mfalme, hata mtu hujiuliza kama wafalme wale walikuwa na kwao. Shangazi Dilys alitaka kujua nani alifua mashuka asubuhi yake, na mama mmoja wa mji wa Leeds mwenye koti la mvua la njano alicheka mpaka akajifuta machozi. Bibi Verena alisema swali hilo lilikuwa la kuvutia sana, akaendelea mbele.

Kila chumba kilikuwa na kamba nyekundu. Upande mmoja wageni, upande wa pili vitu. Na juu ya kila kiti, katikati kabisa ya mto wake, liliwekwa tunda kavu la msonobari, lenye magamba magumu yaliyochomoza. Nyumba hizi hazipendi kuandika USIKAE. Ni maneno makali, yanaweza kumuudhi mtu. Badala yake wanakuwekea kitu kitakachokuchoma makalio, halafu wanakuachia uhuru wa kuchagua. Tamsin aliyatazama matunda yale chumba baada ya chumba. Kila alipoliona moja alisikia tena akiulizwa kama amepata viazi vya kutosha.

Katika Chumba cha Manjano alikuwako Piers.

Alisimama ndani ya kamba, karibu na dirisha, tai yake imepinda. Mama yake alikuwa amempanga pale ili ajibu maswali ya wageni kuhusu picha. Alikuwa amekonda. Tamsin aliona hilo kabla hajaona kitu kingine chochote chumbani, akaikasirikia nafsi yake kwa kuliona. Piers aliinua macho na kumkuta. Damu ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja, na midomo yake ikasema Tam bila sauti. Kwa muda chumba kile hakikuwa na watu wengine. Yule msichana alijikaza, lakini moyo wake ulimruka kama wa siku ya kwanza, siku alipoinua kichwa kutoka chini ya tumbo la farasi aitwaye Sultani na kumkuta kijana mrefu amesimama kwenye matope, anamwomba radhi kwa niaba ya farasi.

"Huyo ndiye?" Shangazi Dilys alimnong'oneza, ingawa alimjua tangu akiwa mtoto. "Mbona anaonekana kama mtu aliyemeza mwiba?"

"Nyamaza, shangazi."

Ukuta mzima wa chumba kile ulikuwa wa wanawake. Walikuwa wake wa warithi wa Marlscote, vizazi na vizazi, wamechorwa kwa mafuta, kila mmoja ameolewa na nyumba na hana dalili ya kufurahi sana. Wa mwisho alikuwa Bibi Verena mwenyewe akiwa binti, mrembo kweli, shingo ndefu, macho yanaangalia nje ya picha kama anayengoja mtu amwite. Baada yake palikuwa na nafasi tupu, na msumari.

Mama wa Leeds aliinyooshea kidole. "Na pale? Nani kaanguka?"

Wageni walicheka. Bibi Verena alicheka nao kidogo.

"Pale ni pa mke wa mwanangu," alisema. "Hatujatangaza rasmi. Lakini sidhani kama Bi Rowena Dauntsey atanikasirikia nikisema kwamba tunatarajia kumtundika kabla mwaka haujaisha."

Kulipita mguno wa furaha, ule ambao watu huutoa wakisikia habari za harusi ya mtu wasiyemjua. Tamsin hakuguna. Hakumtazama Bibi Verena pia, kwa sababu kwake hakuwa na swali. Alimtazama Piers.

Piers alifungua mdomo.

"Mama," alisema. "Labda huu si wakati wa..."

"Labda sivyo, mpenzi," mama yake alimjibu kwa upole, na akawageukia wageni. "Zulia hili lilifumwa Uajemi."

Basi, ikaishia hapo. Piers alitazama zulia la Uajemi. Na Tamsin Udall, aliyekuwa ameishi kwa neno labda miaka miwili, aliyelala nalo na kuamka nalo, alisikia kitu kikikatika ndani yake, na badala ya kulia akaona kwamba amepumua vizuri. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshavua siku nyingi.

Aliinua kamba nyekundu, akapita chini yake.

Mbele ya ukuta wa wake wale palikuwa na kiti cha hariri ya manjano, kilichotariziwa ndege na makomamanga. Tamsin alilitoa tunda la msonobari juu ya mto, akalishika mkononi, akageuka, akatengeneza gauni lake, akakaa. Kiti kililia kidogo. Alikaa mgongo wima na miguu pamoja, kama anavyokaa mtu kanisani, na akawatazama wote.

Kule pembeni Mzee Pobjoy, anayelinda chumba kile kwa kujitolea kila msimu, alisimama kutoka kwenye kibao chake na hakujua afanye nini. Katika miaka yake yote ya ulinzi alikuwa ameshawazuia watoto, mbwa, na mlevi mmoja. Hakuwahi kumzuia mtu aliyekaa kwa makusudi.

"Tamsin, mwanangu," alisema kwa huzuni. "Kiti hicho kilikuwa na tunda."

"Ninalo hapa, Mzee Pobjoy. Halichomi kama tunavyoogopeshwa."

Bibi Verena alikuja mpaka kwenye kamba. Hakuharakisha.

"Bi Udall, nadhani utapata raha zaidi mkahawani. Leo kuna keki ya limau."

"Nina raha hapa hapa."

"Kiti hicho ni cha zamani sana. Kinaweza kukuumiza."

"Kikiniumiza nitasema. Mimi nikiumia husema."

"Unawachelewesha wenzako."

"Sisi hatuna haraka," alisema mama wa Leeds.

Mkono wa Bibi Verena ulikwenda kwenye lulu zake, ukazigusa, ukashuka. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ile ile, ila utepe ulikuwa umefunguka.

"Viti vya chumba hiki hukaliwa na familia tu."

"Afadhali umesema," Tamsin alimjibu. "Basi tumuulize mwenye kujua. Piers."

Piers aliinua kichwa.

"Nimekaa mahali pangu, au nimekaa mahali pa mtu? Ukisema niinuke, nitainuka. Sitafanya fujo, sitalia mbele ya wageni wenu. Nitatoka kwa mlango wa duka la zawadi pamoja na wenzangu, na hutaniona tena mpaka tutakapozikwa. Lakini useme wewe, kwa ulimi wako. Na usiniambie labda. Neno hilo nimelishiba."

"Leo ni leo," Shangazi Dilys aliambia mwavuli wake. "Asemaye kesho mwongo."

Bibi Verena hakumtazama mwanawe. Alimwambia tu, kama anayemwomba afunge dirisha, "Piers, mpenzi, kuwa mwema, umsindikize Bi Udall mpaka mlangoni. Amechoka."

Ulikuwa mlango mzuri sana aliofunguliwa Piers. Alitakiwa tu awe na adabu. Angemshika Tamsin kiwiko, angemnong'oneza kwamba watazungumza baadaye, na watu wangeendelea na mazulia. Alikuwa amefunzwa jambo hilo tangu akiwa na meno ya utotoni. Na kweli, aliondoka dirishani. Alitembea juu ya zulia la Uajemi akimjia, mkono ameutanguliza kidogo, vile vile anavyoutanguliza msindikizaji. Tamsin aliuona mkono ule ukija. Alisikia tunda la msonobari likimwingia kiganjani na hakulilegeza. Nisilie, alijiambia. Lolote litakalokuwa, lisinikute nalia.

Piers alifika kwenye kiti. Akasimama kando yake, akamgeukia mama yake, na ule mkono ukashika mgongo wa kiti.

"Mama," alisema. "Hapana."

"Hapana nini, mpenzi?"

"Hapana, simsindikizi." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Hakuna harusi ya Rowena. Rowena mwenyewe anajua, nilimwambia wakati wa Krismasi, akanishukuru. Wewe pia nilikuambia, ila niliyazungusha maneno mpaka ukaweza kujifanya hukunisikia. Sasa siyazungushi. Ninampenda Tamsin. Nataka kumuoa Tamsin, kama bado anamtaka mtu aliyekaa miaka miwili bila uti wa mgongo."

Neno hapana katika nyumba ile lilikuwa na vumbi kuliko mapazia. Baba yake Piers alikufa bila kulitumia. Wageni walitazamana, na mzee mmoja mwenye fimbo akavua kofia bila kujua sababu.

Tamsin hakuinua uso.

"Umechelewa," alimwambia.

"Najua."

"Ulimwacha aniulize habari za viazi mara tatu. Ulikuwa unakula."

"Najua, Tam."

"Nimezilaza simu zako kifuani usiku wote kama mwendawazimu. Nikisimama hapa nikaondoka, nitakuwa na haki."

"Utakuwa na haki yote." Alipiga magoti kando ya kiti, juu ya zulia lisiloguswa, na sasa nyuso zao zilikuwa sawa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini usiinuke. Tafadhali. Usiinuke."

Ndipo alipomtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, bila huruma, kama anavyoutazama mguu wa farasi kabla ya kuamua kama utabeba. Alilitafuta lile neno labda usoni mwake na hakuliona. Basi akakifungua kiganja, kilichokuwa na alama za magamba, akamwekea Piers lile tunda mkononi, na vidole vyao vikabaki hapo. Mama wa Leeds alipenga kamasi kwa kishindo.

Bibi Verena alikuwa amesimama wima, ameshika kamba. Mwanamke mwingine angepiga kelele, au angezimia, au angemlaani mtoto wake mbele ya mabibi zake wote waliotundikwa. Yeye aliweka sweta lake sawa.

"Sasa," aliwaambia wageni, "tunaingia maktaba."

Akageuka, akafungua mlango wa kati, akaingia.

Hakuna aliyemfuata. Si kwamba walikubaliana. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie, kama kawaida yao, na safari hii hakuna aliyetaka kutangulia. "Tutakuja, mpenzi," mama wa Leeds aliuambia mlango. "Ila kwanza tuone hili linaishaje."

Kutoka upande wa pili sauti ya Bibi Verena ilianza. Ilieleza nani alijenga maktaba, na mbao zilitoka wapi. Ilieleza kuhusu vitabu vya Kilatini ambavyo mbwa wa babu mkubwa aliwahi kuvitafuna, ikaacha nafasi ya watu kucheka, na hapakuwa na wa kucheka. Ikaendelea. Katika Chumba cha Manjano watu walianza kutazama viatu vyao.

Piers aliinuka. "Niende," alisema. "Ni mama yangu."

"Wewe umeshasema yako," Tamsin alimwambia. "Kaa."

"Twende zetu, mwanangu," Shangazi Dilys alimshika mkono. "Umeshinda. Acha azungumze na mbwa wake wa Kilatini, tukanywe chai."

"Sikuja kushinda, shangazi. Nimekuja kukaa."

Alinyanyuka kitini na kupita mlango wa kati.

Maktaba ilikuwa na giza la vitabu na harufu ya moshi wa zamani. Bibi Verena alikuwa ameupa mlango mgongo, mkono mmoja juu ya rafu. Alikuwa amerudi kwenye zile mbao tena. Alizisema kwa sauti iliyonyooka, akafika mwisho wa sentensi, akaianza upya. Tamsin alikwenda akasimama pale ambapo msafara ungesimama, mikono mbele, na akasikiliza. Alimwacha mpaka alipoifikia ile sentensi kwa mara nyingine na kuishiwa.

"Umekuja kunicheka," Bibi Verena alisema bila kugeuka.

"Hapana. Kulikuwa hakuna anayekusikiliza."

Mvua iligonga vioo. Bibi Verena aligeuka taratibu. Bila tabasamu uso wake ulikuwa umezeeka kwa miaka kumi, na ulifanana sana na wa Piers.

"Sitaki mwanangu akuoe," alisema. "Nilitaka kukuambia hivyo siku ile mezani. Sisi hatusemi hivyo."

"Sasa umesema."

"Si kwa sababu ya mikono yako. Wala nyanya yako." Alisita. "Basi, kwa sababu hiyo pia, sitadanganya. Lakini mimi nililetwa hapa nikiwa binti ninayecheka ovyo. Uliniona ukutani. Mama mkwe wangu hakuniambia neno moja la kweli mpaka tukamzika. Nikajifunza. Sasa mimi ndiye yeye."

Tamsin alitaka kumchukia na akaona haiwezekani sawasawa. Alikuwa amejiandaa kwa vita, si kwa hili. Lakini huruma si kurudi nyuma, na miguu yake haikusogea.

"Mimi sitajifunza hayo," alisema.

"Watakuwa wanakuchekea, halafu wanakusema. Marafiki zangu, wapangaji wetu, hata wanawake wa kanisani. Nami sijui kama nitakutetea. Huenda nikawaongoza." Bibi Verena alikuja karibu, akamtazama kutoka juu, kwa kuwa alikuwa mrefu. "Nakuambia ukweli kwa kuwa unaonekana kuupenda. Hutakuwa na furaha katika nyumba hii, Tamsin."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Huenda," Tamsin alimjibu. "Lakini nitakuwepo. Ukiamka nitakuwepo, na ukilala nitakuwepo, na siku utakayoniona nimekukera zaidi ya zote, uje uniambie usoni, maana nitakuwa nimekaa kwenye kiti kile kile."